Mlio wa Chaja Katika Muziki

Kila mtu na awe na daftari na kalamu yake, maana kuna maneno manne ya kuandika: chaja, kitanzi, ardhi, transfoma. Mwalimu wenu atayaandika ubaoni, nasi tutayaeleza moja moja.

Somo la leo ni juu ya mlio. Sisemi mlio wa ngoma wala wa filimbi. Nasema ule mlio ambao hakuna aliyeualika, unaoingia ndani ya spika mtu anapotengeneza muziki kwa kompyuta. Gitaa limenyamaza, mwimbaji amefunga kinywa, lakini spika inasema nnnnn, au zzzzz, kama nyuki ndani ya mzinga. Ukichomoa chaja ya kompyuta ukutani, kimya. Ukiichomeka tena, nyuki wamerudi.

Pengine utauliza: Jambo hili lanihusu nini mimi, mvuvi wa Kibirizi, au mimi, muuza mawese wa soko la Mwanga? Lakuhusu. Zamani mtu wa Kigoma aliyetaka wimbo wake urekodiwe alikuwa na safari ndefu. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, na toka hapa mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Katika miaka ya 1970 bendi nyingi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania, huko Dar es Salaam. Aliyeshindwa nauli, wimbo wake ulibaki kijijini.

Siku hizi kwaya ya Ujiji yaweza kurekodi katika chumba kimoja, kwa kipaza sauti na kompyuta mpakato, yaani ile inayokunjwa kama kitabu, ambayo wengi huiita laptopu. Mkoa wetu umekwisha kutoa wanamuziki wengi, na mwaka 2012 baadhi ya wenye asili ya huku waliungana wakajiita Kigoma All Stars. Kwa hiyo huenda kijana anayerekodi ni mwanao, na chaja ameichomeka sebuleni kwako. Somo hili lina faida mbili. Ya kwanza ni kuokoa wimbo. Ya pili, ambayo ni kubwa zaidi, ni kuokoa maisha ya mwimbaji.

MLIO UKIISHA KUINGIA HAUTOKI

Watu wengine husema, "Si neno, turekodi tu, mlio tutauondoa baadaye." Hayo si maneno ya fundi.

Umeme wa nchi yetu huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Kwa hiyo mlio wake wa chini kabisa una mitetemo 50 kila sekunde. Ukiwa mpiga besi utaujua, maana uko karibu sana na noti ya G katika waya mnene wa gitaa lako. Juu yake iko mitetemo 100, 150, 200, na kuendelea, kama vidato vya ngazi. Mtu akitaka kuufuta mlio huo kwa kompyuta, itambidi akate vidato vyote, na katika ngazi ile ile ndimo zilimo sauti za besi, za ngoma, na za wanaume wa kwaya.

Ninyi mnajua habari ya dagaa walioanikwa juu ya mchanga. Waweza kuwapepeta mpaka mchanga utoke, lakini dagaa nao watavunjika. Aliyewaanika juu ya kichanja hana kazi hiyo. Basi na sauti ni hivyo hivyo: ianikwe safi tangu mwanzo.

CHAJA HUFANYA KAZI GANI?

Umeme wa ukutani una nguvu ya volti 230. Kompyuta mpakato yataka volti chache, mara nyingi 19 au 20. Chaja ndiyo inayopunguza. Nayo haipunguzi taratibu, kama mtu anayeteremsha mzigo kwa kamba. Huukata umeme vipande vipande, makumi ya maelfu ya vipande kila sekunde, kisha huvipitisha katika transfoma ndogo. Ndiyo sababu chaja za siku hizi ni nyepesi.

Lakini ukataji huo una makelele yake ya umeme. Ili yasisambae, watengenezaji huweka ndani ya chaja kifaa kidogo kiitwacho kapasita, kinachoyarudisha yalikotoka. Kwa njia ya kapasita hiyo, umeme kidogo sana huvuja mpaka upande wa kompyuta. Huo si ubovu. Ndivyo chaja ilivyoundwa. Ndiyo maana mtu akipitisha kidole juu ya kompyuta yenye mwili wa chuma, iliyo katika chaja ya pini mbili, husikia kama sisimizi wanatambaa.

Umeme huo mdogo hutafuta njia ya kurudi. Unapounganisha kompyuta na mikisa kwa waya wa sauti, umeufungulia njia. Waya wa sauti wa kawaida una sehemu mbili. Ya ndani huchukua sauti. Ya nje imesukwa kama wavu. Huikinga ile ya ndani, na tena ndiyo njia ambayo sauti hurudia. Umeme uliovuja hupita katika wavu huo huo. Amplifaya haijui wimbo ni upi na mvujo ni upi. Kazi yake ni kukuza, nayo hukuza vyote viwili.

KITANZI NI NINI?

Kuna njia ya pili ambayo mlio huingilia. Chaja nyingine zina pini tatu. Ile pini ndefu, iliyo peke yake, ni ya waya wa ardhi, yaani waya unaokwenda mpaka kwenye fimbo ya chuma iliyopigwa ndani ya udongo karibu na nyumba. Mafundi wengi huuita ethi. Mikisa nayo mara nyingi ina plagi ya pini tatu, na spika vile vile.

Tuseme kompyuta imechomekwa katika ukuta huu, na mikisa katika ukuta wa pili. Sasa vyombo hivyo viwili vimeunganishwa mara mbili: mara moja kwa waya wa sauti, na mara ya pili kwa waya wa ardhi uliomo ukutani. Ukifuata njia hiyo kwa kidole chako, utazunguka na kurudi ulikoanza. Hicho ndicho kitanzi.

Kitanzi chadhuru vipi? Fikiri madimbwi mawili ya maji ufukweni baada ya mvua. Ukichimba mfereji kati yake, na madimbwi yakiwa na kimo kimoja, maji hayaendi popote. Lakini dimbwi moja likiwa juu kidogo, maji yatapita katika mfereji. Ardhi ya soketi hii na ardhi ya soketi ile mara chache zina kimo kimoja kabisa. Tofauti ni ndogo, lakini waya wako wa sauti umekuwa ndio mfereji.

Na sauti yenyewe ni kitu chembamba. Ile itokayo katika kompyuta ni kama volti 1 hivi. Ile ya kipaza sauti huhesabiwa kwa sehemu za elfu za volti. Ndiyo sababu mvujo mdogo, ambao hauwezi kuwasha hata taa ndogo, watosha kuharibu wimbo.

KUTAFUTA CHANZO

Mvuvi akikuta maji ndani ya mtumbwi hapigi misumari kila mahali. Huukausha kwanza, akatazama maji yanaingilia wapi. Fanya vivyo hivyo. Kanuni ni moja: badili jambo moja tu, kisha sikiliza. Ukibadili mawili kwa mara moja, hutajua ni lipi lililosaidia. Andika kila jaribio na matokeo yake katika daftari. Na kabla ya kuchomoa au kuchomeka waya wowote wa sauti, punguza sauti ya spika mpaka mwisho, usije ukaipasua.

Jaribio la kwanza. Chomoa chaja ukutani, kompyuta iendelee kwa betri yake. Mlio ukikoma, basi uliingia kwa njia ya chaja. Mlio ukibaki, usiilaumu chaja. Tazama taa, gitaa, au waya uliokatika ndani.

Jaribio la pili. Rudisha chaja. Sasa chomoa waya wa sauti utokao katika kompyuta, lakini uuchomoe upande wa mikisa, si upande wa kompyuta. Waya unaoning'inia katika mikisa huvuma wenyewe, nao utakudanganya. Mlio ukikoma, umeijua njia: ni waya ule.

Jaribio la tatu. Acha chaja mahali pake, ondoa nyaya nyingine zote, kisha sikiliza muziki kwa spika za masikioni zilizochomekwa katika kompyuta yenyewe. Pakiwa kimya, kompyuta ni nzima, na kosa liko katika muungano wa vyombo. Ukisikia mlio hata hapo, huenda chaja ndiyo mbaya. Azima nyingine ya kompyuta ya aina ile ile, yenye volti zile zile, ujaribu.

Kuna dalili nyingine ya kukumbuka. Kama umewahi kuona mlio unapungua kila mara mpiga gitaa anaposhika nyuzi, au mkono wake unapokuwa juu ya chuma cha kompyuta, huenda ni alama kwamba vyombo vyenu havikufika ardhini vizuri. Lakini mtu akipigwa hasa, akashtuka, hiyo si dalili ya kuchunguza tena. Zima swichi kubwa ya nyumba, uite fundi wa umeme.

DAWA ZAKE, TOKA ISIYO NA GHARAMA

Dawa ya kwanza ni betri. Jaza betri kabla waimbaji hawajafika. Wakati wa kurekodi, chaja iwe imechomolewa. Wimbo ukiisha, waimbaji wanapokunywa maji, ichomeke tena. Dawa hii haigharimu hata senti moja.

Dawa ya pili ni ekstensheni moja. Chomeka kompyuta, mikisa na spika katika ekstensheni moja ya pini tatu, na hiyo ekstensheni katika soketi moja yenye ardhi nzima. Madimbwi yote yatakuwa mahali pamoja, na tofauti ya kimo itakuwa ndogo sana. Usiweke pasi, birika la umeme wala friji katika ekstensheni hiyo.

Dawa ya tatu ni kutenganisha nyaya. Chaja isikae juu ya mikisa wala karibu na gitaa. Waya wa sauti usilale sambamba na waya wa umeme. Ikiwa sharti vikutane, vipishane kama njia panda.

Ndugu wa vijijini, mnaotumia umeme wa jua au jenereta ndogo, fanyeni majaribio yale yale. Ila jueni kwamba inveta za bei rahisi hazitoi umeme laini, nazo zina mlio wake. Kwenu dawa ya betri ndiyo bora.

Dawa ya nne ni waya wa sauti wenye nyaya mbili za ndani. Asili yake ni ya zamani. Simu zilipoanza, nyaya zake zilipita karibu na nyaya za telegrafu, na watu wakasikia makelele. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule aliyepata hati ya simu mwaka 1876, alipata hati ya kusokota nyaya mbili pamoja. Kwa nini mbili? Fikiri watu wawili wamesimama ndani ya mtumbwi mmoja, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Wimbi la Tanganyika likiuinua mtumbwi, wote wawili hupanda sawasawa. Ukipima tofauti ya urefu wao, haikubadilika. Katika waya huu, sauti ndiyo tofauti kati ya nyaya mbili, na mlio ndio wimbi. Mikisa hupima tofauti tu, na wimbi hupita bure. Waya wa vipaza sauti vizuri, wenye plagi ya mviringo ya pini tatu, ni wa namna hiyo. Lakini sharti chombo cha huku na cha huko vyote viwe vimeundwa kwa waya huo, la sivyo hausaidii.

Dawa ya tano ni transfoma ya sauti. Mwaka 1831 Michael Faraday alizungushia nyaya mbili juu ya pete moja ya chuma. Nyaya hazikugusana, hata hivyo umeme ulipoanza au ulipokoma katika waya wa kwanza, ulionekana katika waya wa pili. Transfoma ya sauti hufanya kazi kwa njia hiyo. Huwekwa ndani ya kisanduku kidogo, ambacho mafundi wa muziki hukiita di-ai, kati ya kompyuta na mikisa. Sauti huvuka, lakini chuma hakigusani na chuma, na kitanzi kimekatika. Unapokinunua uliza kama kina transfoma ndani, maana si vyote vilivyo nayo.

JAMBO LA HATARI

Sasa wekeni kalamu chini, msikilize.

Iko dawa ya sita ambayo vijana hufundishana. Huikata ile pini ndefu ya plagi, au huifunga kwa gundi ya karatasi, au hutumia plagi ya kati isiyo na ardhi. Mlio hukoma papo hapo, na mkataji huonekana fundi hodari. Kwa sababu dawa hiyo hufanya kazi, watu huiamini. Nami nawaambia: msiifanye, wala msimruhusu mtu aifanye nyumbani mwenu.

Waya wa ardhi haukuwekwa kwa ajili ya muziki. Siku moja ndani ya amplifaya waya wa moto utalegea na kugusa mwili wa chuma. Kama ardhi ipo, umeme utakimbilia ardhini kwa nguvu, fyuzi itakatika, na chombo kitazimika. Mtafika dukani kununua fyuzi. Kama ardhi imekatwa, fyuzi haikatiki. Chuma kitakaa kimya na volti 230, kikingoja mkono wa mtu. Na mwanamuziki ni mtu wa hatari kuliko wengine, maana mkono wake umeshika nyuzi za gitaa, na midomo yake inagusa kipaza sauti. Umeme ukiingia mkononi na kutokea mdomoni, moyo uko njiani.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey, wa bendi iliyoitwa Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea, huko Wales. Alishika kipaza sauti ambacho hakikuunganishwa na ardhi ipasavyo, na gitaa lilikuwa mikononi mwake.

Kwa hiyo kumbukeni neno hili: kitanzi hukatwa katika waya wa sauti, hakikatwi kamwe katika waya wa ardhi. Transfoma hukikata mahali pa salama. Kisu hukikata mahali pa kifo.

Na nyumba isiyo na ardhi je? Nyumba nyingine zina soketi za pini tatu, lakini nyuma yake hakuna waya wa ardhi, au waya umekatika, au fimbo imepigwa katika mchanga mkavu au juu ya mwamba. Udongo wenye unyevu hupitisha umeme vizuri kuliko mchanga mkavu. Kwa macho hutaweza kujua. Fundi wa umeme mwenye leseni ana kipimo cha kupimia. Kabla kwaya haijanunua kipaza sauti cha pili, yafaa ichange fedha ya kumlipa fundi huyo.

MARUDIO

Haya, turudie. Mlio wa chaja huingia kwa njia mbili: kwa umeme unaovuja ndani ya chaja, na kwa kitanzi cha ardhi. Tafuta chanzo kwa kubadili jambo moja kwa wakati mmoja. Anza na betri, kisha ekstensheni moja, kisha tenganisha nyaya. Ikishindikana, tumia waya wenye nyaya mbili za ndani, au kisanduku chenye transfoma. Pini ya ardhi usiikate.

Ukirudi nyumbani leo, tazama plagi zako. Ukikuta plagi ya pini tatu iliyokatwa moja, usiichomeke tena. Peleka kwa fundi ikabadilishwe, kisha umweleze aliyeikata kwa nini. Mweleze kwa upole, maana yeye alitafuta kimya tu, nacho chapatikana kwa njia nyingine.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.

MASWALI YA DARASA

1. Umeme wa nchi yetu huenda na kurudi mara ngapi kila sekunde?
2. Kitanzi ni nini? Chora kompyuta, mikisa na soketi mbili, kisha uonyeshe kitanzi kwa kalamu.
3. Kwa nini yafaa kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja?
4. Eleza kwa maneno yako mfano wa watu wawili ndani ya mtumbwi.
5. Jirani yako amekata pini ya ardhi, na muziki wake sasa hauna mlio. Anasema, "Mbona salama?" Utamjibu nini? Zungumzeni darasani, kisha kila mtu aandike jibu lake kwa mistari mitano.